Jezi Zilizogeuzwa

Ndo, ndo, maji yalidondoka gizani kwenye beseni chini ya kamba ya nguo chumbani. Ilikuwa zamu ya Zawena kufua jezi za timu ya mpira wa pete, naye alizifua, ingawa jana chuo kilitangaza kwamba timu imefutwa na mechi ya leo isichezwe.

Kulipoanza kupambazuka, Siwatu, mfungaji wao, aligonga mlango, akaingia.

"Kapteni, unamfulia nani? Jumatatu wanazitaka stoo."

"Basi zirudi safi."

Siwatu alicheka bila furaha, kisha akaitazama kamba. Kama desturi yao, jezi zilikuwa zimegeuzwa ndani nje ili maandishi yasibanduke. Jina la chuo halikuonekana popote.

"Wale wa chuo cha uuguzi wanakuja kweli?"

"Wameshapanda gari."

"Basi shoga, tuzivae hivi hivi. Tucheze kwa majina yetu."

Zawena alishusha jezi moja, bado mbichi, akaivaa. Baridi ikamshika kifuani. Kidawa, binti yake mdogo, alishuka kitandani, akaukumbatia mpira uliokuwa mlangoni.

"Mama, mimi nitabeba mpira."