Kiota cha Mzee Mnana

Maisha yake yote Mnana alisuka viota roho juu, maana majike walikuja kukagua, na wasichokipenda walikibomoa. Uzeeni, mkewe akiwa ameshafariki, akaanza kusuka kingine, taratibu, akifumua mwenyewe kila unyasi usiomridhisha.

"Babu, unamsukia nani?" akauliza Chiriku, asiyejua kunyamaza. "Majike wanataka vijana."

"Najisukia mwenyewe, mjukuu wangu. Kumbe kazi hii ni tamu hivi."

Kilipokamilika, jike mmoja alitua mlangoni, akakivutavuta, kisilegee hata kidogo.

"Nihamie, babu?"

"Samahani, binti yangu. Kina mwenyewe."

Kisha Mnana akaingia ndani, mahali ambapo hakuwahi kulala hata siku moja, maana viota vyote alivyosuka vilikuwa vya majike na makinda, akajikunja, akafumba macho.