Gari Lisilo na Ngazi

Fundi wa minara ya simu alikuwa ameshachagua. Asubuhi nzima aliyajaribu magari mawili kwenye kilima cha mawe nyuma ya yadi. Lile refu, lililoinuka juu ya magurudumu, lilipanda kama mbuzi. Lile fupi lilifika pia, ila lilikwaruza tumbo na kulalamika njia nzima.

"Hili refu ndilo langu," alimwambia muuzaji. "Mama, njoo ujaribu kiti chako cha kwendea kliniki."

Mama yake akacheka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina milango minne, mgeni hajui pa kupandia."

"Si ndilo gari hili! Mama nawe, panda tuone."

Mama akashika mlango. Akainua mguu, ule wenye goti bovu. Kiatu kikaning'inia hewani, kikatetemeka, kikarudi taratibu vumbini. Akainua tena. Kikarudi tena.

Akajipangusa gauni, kana kwamba ndilo lililomchelewesha. "Lichukue, baba. Zuri kwelikweli. Kliniki nitakuwa naenda kwa miguu, nanyoosha goti."

Fundi alikitazama kile kiatu. Kisha akamrudishia muuzaji funguo.

"Nipe za lile linalolalamika."