Mla Udongo wa Makole

Mama Restuta aliinua mto wa kitandani ili abadilishe foronya, akakuta vipande vitano vya udongo wa kula vimeviringishwa kwenye karatasi. Alikaa kitako kitandani, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Miaka minne ya kungoja mjukuu!

Alikuwa amefika kutoka Bahi juzi tu, na nusu gunia la mchele, kumtembelea mwanawe Damas, karani wa ofisi moja ya serikali, na mkewe Loisi, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamepanga nyumba ndogo mtaa wa Makole, mjini. Tangu afike alikuwa ameona dalili, ila hakutaka kujipa moyo bure. Loisi alisinzia mchana kama kuku mwenye mdondo, akisema usiku halali vizuri. Mchele mbichi ulipungua kwenye ungo. Na ukipita karibu na mlango wa chumba chao, ulisikia mtu akitafuna: karakacha, karakacha.

Jumamosi alimfuata Loisi sokoni kwa siri, akijibanza nyuma ya marundo ya mitumba, ambayo miaka hiyo ilikuwa imejaa kila kona. Akamwona kwa macho yake akinunua udongo, akiuchagua kipande kwa kipande.

"Mwanangu," alimwambia jikoni jioni ile, "mimi ni mtu mzima. Usinifiche."

"Nikufiche nini, mama?"

"Udongo."

Loisi aliacha kukoroga mboga. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Damas akaangalia pembeni.

"Mama, usifurahi bado," Loisi alisema taratibu.

"Sawa, sawa. Hata mimi sikumwambia mtu mpaka mwezi wa tano."

Kuanzia hapo nyumba ilipata mtawala mpya. Loisi asiiname. Loisi asifue. Loisi asinyanyue ndoo. Maji ya kutoka bombani kwa jirani yangechotwa na Damas.

"Lakini mama, mimi…"

"Wewe nini? Kazi yako imebaki kukaa chooni na magazeti!"

Hilo lilikuwa kweli. Zamani magazeti yalikuwa mawili matatu. Sasa kila wiki lilizuka jipya, na Damas alikuwa akiingia nayo chooni mara sita, mara saba kwa siku, huku jirani wa chumba cha uani akigonga mlango na kuuliza kama anasoma au anayaandika.

Asubuhi ya Jumapili, Damas alichota ndoo moja. Alipofika uani aliitua, akashika ukuta, akahema kama aliyepanda mlima.

Mama Restuta alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenye mimba mwingine, anayechoka mwingine! Ndivyo alivyokuwa baba yako. Nilipokuwa na mimba yako, yeye ndiye aliyekonda, yeye ndiye aliyekataa kula."

Damas naye alijaribu kucheka. Loisi hakucheka. Alikuwa amesimama na kanga mkononi.

"Kesho tunakwenda hospitali," alisema. "Nimechoka kuficha. Sitaki ubishi."

"Hayo ndiyo maneno!" Mama Restuta akapiga kigelegele, majirani wakachungulia.

Jumatatu waliondoka wote watatu mapema kwenda hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu kwenye barabara ya vumbi. Mama Restuta alivaa kitenge chake kipya. Loisi na Damas waliitwa ndani pamoja, naye akabaki kwenye benchi, akiwasimulia akina mama waliokaa hapo kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Restuta kama bibi yake, na akiwa wa kiume, basi, watu wazima watakaa waamue jina.

Saa nane mchana daktari alitoka. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini na faili mkononi.

"Wewe ndiye mama yao?"

"Ndiyo, ni mimi. Shida ipo, daktari?"

"Ipo, ila inatibika." Akaketi kando yake. "Utumbo mpana una vidonda. Umekuwa ukivuja damu kidogo kidogo, miezi mingi, na aibu imefanya jambo hili lifichwe. Sasa damu mwilini imebaki chini ya nusu ya inayotakiwa. Ndiyo sababu ya uchovu ule, na kizunguzungu."

"Mungu wangu. Na udongo je?"

"Ni hiyo hiyo damu. Ikipungua namna hii, mtu hutamani vitu vya ajabu. Udongo, mchele mbichi."

"Lakini, daktari, hata mimi niliula, na vidonda sikuwa navyo."

"Wapo wanaoula kwa sababu nyingine. Huyu wenu ni utumbo. Leo tunaongeza chupa mbili za damu, na dawa za vidonda zinaanza usiku huu. Mngengoja mwezi mmoja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama Restuta alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena. Furaha yote ilikuwa imemwishia. Akakusanya nguvu aulize lile moja lililobaki.

"Niambie ukweli, daktari. Mimba itahimili?"

Daktari alifungua faili, akasoma ukurasa wa kwanza, akaufunua, akarudi tena kwenye jina lililoandikwa juu.

"Mimba gani tena, mama?" alisema. "Niliyemlaza ni Damas."