Bati la Mwisho

Tangu wakulima, wafugaji, hospitali na wenye umeme wakubaliane kuikusanya mvua pamoja, kila paa la Kitui lilivikwa sponji inayofyonza maji bila sauti na kuyapeleka kwenye tangi la wote. Kiu ilikwisha. Syombua alibakiwa na bati moja tu, juu ya jiko.

“Nyanya, bati hili linawanyima watu maji,” alisema fundi, akipanda ngazi.

“Niachie mvua moja tu! Marehemu mume wangu alinichumbia chini ya kelele za bati hili. Sikusikia hata neno, nikakubali.”

Fundi alicheka, akaling'oa.

Alasiri mvua ikanyesha kimya. Syombua alitoa sufuria uani, akaifudikiza asiitwe mwizi wa maji, akaketi kusikiliza matone yakiigonga.

Majirani vijana, waliokulia chini ya sponji, wakaja mbio.

“Nyanya, ni nini kinavunjika?”