Waridi Kwenye Tundu la Plagi

Fundi Kibwana alichomoa koili iliyoungua, akainusa, kisha akamtazama Shaali kwa jicho la mtu aliyefumania jambo.

"Hii nayo imekufa kama zile nyingine. Hebu inama unuse mwenyewe."

Shaali aliinama juu ya injini ya pikapu yake akitarajia harufu ya petroli au ya waya ulioungua. Ndani ya tundu la plagi mlikuwa na maji, na maji yale yalinukia waridi.

"Maji yakituama humu, umeme ambao koili hupeleka kwenye plagi huvuja, koili ikaungua," alisema fundi. "Na haya si ya mvua. Kuna mtu anafungua boneti na kuyamimina."

Maadui wote wakampita Shaali kichwani. Kisha akakumbuka aliponusa marashi yale mara ya mwisho: kwenye sanda ya kaka yake, aliyefia barabarani.

Akageuka. Mama yake, Bi Salme, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, mrashi wa maji ya waridi mkononi.

"Mama! Ni wewe?"

"Nalikinga gari, mwanangu. Kila Ijumaa nalisomea dua, nalimwagia marashi."

"Lakini ndiyo yanayoliua! Kila nikianza safari linazima hata mjini sijatoka!"

Bi Salme aliitazama koili iliyoungua mkononi mwa fundi. Akamtazama na mwanawe, kutoka utosini hadi nyayoni, mzima.

"Basi dua imetakabaliwa," alisema, akashuka ngazi kuelekea boneti iliyokuwa wazi.