Kamba ya Makala

«Hiyo kamba ni ya nani?»

Shukuru alisimama katikati ya bariere na gunia ya makala ya kupikia mugongoni. Alikuwa anatoka Mugunga kwa miguu, jasho mpaka kwenye macho. Na kati ya basoda wote wa rebelio waliokuwa pale na bunduki, yule aliyemusimamisha alikuwa commandant mwenyewe.

«Makala ni ya mama, commandant.»

«Miye nimeuliza makala? Nimeuliza kamba.»

Ilikuwa mukanda wake wa karate. Siku ile lava ya volkano iliingia Majengo, Shukuru alikuwa kwenye mazoezi. Alikimbia na kimono kwenye mwili, bila viatu. Nyumba yao iliungua, dojo ikalala chini ya mawe, na maître aliyemufundisha, Buhendwa, akapotelea upande wa Bukavu. Tangu hapo ule mukanda ulikuwa unafunga makala ya kuuzisha, kila siku ya Mungu, juu ya kukosa kamba nyingine.

«Ni yangu,» Shukuru akasema. Kudanganya mutu wa bunduki hakuna faida.

«Yako? Nani alikupa?»

«Maître Buhendwa wa Majengo. Alinifungia kwa mikono yake mwenyewe.»

«Na weye unafungia makala?»

«Lava ilikula kamba zote, commandant.»

Commandant akatingisha kichwa kama mutu aliyefika kwenye kilio. Akamuangalia Shukuru toka juu mpaka chini: masikio makubwa, magoti ya vumbi.

«Kesho saa tatu asubuhi, terrain ya mupira nyuma ya shule. Uvae kimono. Nataka kuona ile unajua. Usipokuja nitakutafuta, na utabeba masanduku yangu ya risasi mpaka Kalengera kwenye vita.»

Kisha akaita musoda mumoja amubebee Shukuru gunia mpaka nyumbani. Shukuru hakufurahi hata kidogo. Alielewa: wanataka kujua mulango wa kwao.

Mama yake, Mwasiti, alipiga mikono.

«Karate? Weye? Si ulikuwa umeanza tu!»

Ndiyo ilikuwa shida. Kwa Buhendwa alikuwa amefika kwenye kuvua viatu, kuinama kwa kusalimia, na kusimama magoti yamekunjwa mpaka mapaja yanalia. Basi. Siku moja alichoka, akauliza: «Maître, na kupiga ni lini?» Buhendwa akajibu: «Juma ijayo.» Juma ijayo ikaja volkano.

«Vuka mupaka uende Gisenyi sasa hivi,» mama akasema.

«Mama, yule musoda ameona mulango. Nikikimbia, watakuja kukukamata weye.»

Mwasiti akavuta beseni. Akachukua kile kipande cha mwisho cha sabuni, akafua kimono mpaka ikang'aa.

«Leta na ule mukanda.»

«Sabuni imeisha, mama.»

«Utatoka hivyo mbele ya watu? Watasema umezaliwa na nani?»

Kwa Mwasiti, mutoto kupelekwa Kalengera ni musiba. Lakini mutoto kupelekwa Kalengera akiwa muchafu, hiyo ni musiba na haya pamoja. Akausugua mukanda kwa maji matupu. Maji yakaharibika, mukanda ukabaki vile vile.

Shukuru naye akajaribu kujifundisha kupiga. Akapiga pazia ya mulango. Pazia ikamuzunguka kichwa, akaanguka nayo kwenye sufuria ya mboga ya sombe.

«Beba tu masanduku, mutoto yangu,» mama akasema.

Asubuhi akaenda. Terrain ilikuwa imetandikwa mawe ya lava yaliyopondwa, na watu walikuwa wameshajipanga: basoda, na vijana wa kartie ya jirani. Kimono mupya kwa kila mutu. Kwa kila kiuno mukanda mweupe, safi kama shuka ya hospitali, vile wake ulikuwa siku ya kwanza. Shukuru akafunika wake kwa mikono. Wote hawa ni wasafi, akafikiri, na miye nimekuja kama mufuko wa muuza makala.

Hakuna aliyecheka hata, na hiyo ndiyo ilimutisha zaidi.

Kitu kimoja alikumbuka: Buhendwa alisema mutu wa kuanza anasimama mwisho wa mustari. Akatembea polepole mpaka mwisho wa mustari, akasimama.

Mustari wote ukageuka, ukamuangalia.

Labda amekosea mwisho. Akaomba radhi kwa kichwa, akazunguka mpaka mwisho mwingine.

Mustari ukageuka tena.

«Unaona vile anatembea?» kijana mumoja akamunong'oneza mwenzake. «Anatupima.»

Magoti ya Shukuru yakaanza kutetemeka. Ili yasionekane, akayakunja vizuri, akakaa vile Buhendwa alimuonyesha. Watu wakavuta pumzi.

Hapo mutu akatoka katikati ya mustari. Ilikuwa commandant, naye na kimono, mukanda wake mweupe bado na mikunjo ya dukani. Akakuja mpaka mbele ya Shukuru. Shukuru akafunga macho, akaona barabara ya Kalengera yote, mupando kwa mupando.

Alipofungua, commandant alikuwa ameinama mpaka kofia yake ya bere imeanguka chini.

«Utusamehe ya jana, maître,» akasema. «Tangu volkano, katika Goma nzima hatujaona tena mukanda mweusi. Tunaanza na nini?»

Shukuru akaangalia kiuno chake. Akaangalia mustari. Akakohoa, akatafuta sauti ya Buhendwa, akaipata.

«Toeni viatu,» akasema. «Kupiga ni juma ijayo.»