Ukuta wa Mabua na Koti la Sufu

Krrr... krrr... krrr-fyuu.

Mama Mbao alifumbua macho. Nje bado giza, hata jogoo hawajakohoa. Akaketi kitandani, akatega sikio kwenye ukuta unaomtenganisha na jirani yake, Mwalimu mstaafu. Kimya. Ndivyo ilivyokuwa kila alfajiri: sauti inamwamsha, akiinuka tu kuisikiliza, inakatika.

"Masikini Mwalimu," alinong'ona. "Mtu mpole vile, koo kama mashine ya kusaga."

Angemwambiaje? Mwalimu ndiye aliyemtekea maji mwezi mzima alipoteguka mguu. Ndiye anayemsomea karatasi za dawa, kwa sauti ya darasani, mpaka nukta ya mwisho. Mtu wa namna hiyo humtazami usoni ukamwambia anakoroma. Laiti mumewe angekuwa hai wangeshauriana, ingawa marehemu naye asingesaidia sana. Miaka thelathini alilala sebuleni, akisema mgongo wake unapenda sakafu.

Lakini sasa mikono ya Mama Mbao ilianza kutetemeka kwa kukosa usingizi. Juzi nusura akate kidole badala ya bua. Na mikono ndiyo iliyomlisha. Alitengeneza mbao za dari kwa vitu ambavyo wenzake hutupa: mabua na maganda ya mahindi kutoka mashambani, vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani. Aliviponda, akavichanganya na gundi ya wanga aliyoipika mwenyewe, akavipanga kwenye fremu na kuvigandamiza kwa mawe kumi. Waliozinunua walisema zinazuia joto la bati na kelele za mvua.

Basi kama zinazuia mvua, akawaza, pengine zitamzuia na Mwalimu.

Asubuhi akamwambia anataka kufunika ukuta wao. Kwa sababu ya baridi.

"Baridi!" Mwalimu alidakia, chai ikamwagikia kwenye sahani. "Ee, Mama Mbao, ukuta ule una baridi mno. Ufunike, mama. Ufunike wote."

Moyo ulimuuma kumdanganya mtu mwema vile.

Siku hiyohiyo Mwalimu akaleta magunia mawili ya maganda ya mahindi, kayabeba mwenyewe. Kesho yake akaleta mapazia yake. Siku ya tatu akaja na koti la sufu, lile alilopewa siku ya kustaafu.

"Mwalimu, koti zima hili!"

"Likate tu. Vifungo ndivyo ninavyovipenda, nimeshavitoa." Akasitasita. "Mama Mbao, huwezi kuweka safu mbili?"

"Mbili?"

"Baridi hii si ya mchezo."

Alilikata koti huku machozi yakimlenga. Mbao za ukuta ule hakuzitwika mawe kumi. Alitumia matatu tu, ili zibaki laini na zenye nafasi ndani, kama mkate; ubao mgumu hupitisha kelele, ubao laini huimeza. Zilipokauka, Mwalimu ndiye aliyezipigilia misumari, nyundo mkononi, miwani puani, akibandika sikio ukutani kila alipomaliza ubao mmoja.

"Unasikiliza nini?" Mama Mbao aliuliza kwa wasiwasi.

"Baridi," akajibu Mwalimu.

Walimaliza jioni. Mama Mbao akalala na tumaini.

Krrr... krrr... krrr-fyuu.

Akakurupuka. Giza. Safu mbili, mabua ya shamba zima, mapazia, koti la sufu, na sauti ni ileile! Tena wazi, kana kwamba Mwalimu kalala mvunguni mwa kitanda chake. Akaketi. Ikakatika.

Hapo akakata shauri. Kulipopambazuka akajitanda shuka, akaenda kubisha hodi. Leo atasema kweli, hata kama ujirani utavunjika.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha mara ya pili. Mwalimu alisimama pale, uso umenyooka, macho maangavu kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Mama Mbao! Pita, pita! Leo nimeamka kijana!"

Huyo ndiye mkoromaji, akawaza Mama Mbao. Yeye analala, majirani wanakesha.

"Mwalimu, nina neno zito. Linahusu usiku."

"Neno zito halisemwi na koo kavu. Kaa hapo, nikuletee chai."

Akamkalisha kwenye kiti chake kizuri, chenye mto. Mama Mbao akajipanga: ataanza na shukrani, kisha lile koti, kisha taratibu ataingia kwenye suala lenyewe. Huko jikoni vijiko viligongana. Kiti kilikuwa na joto. Mto ulikuwa laini. Ataanza na shukrani...

Krrr... krrr... krrr-fyuu.

Alishtuka, akashika mikono ya kiti. Mbele yake alisimama Mwalimu, birika mkononi, macho yamemtoka pima.

"Ndiyo hiyo!" Mama Mbao akapiga kelele. "Umeisikia, Mwalimu?"

"Nimeisikia, mama," akasema Mwalimu kwa upole. Akaweka birika chini, akamshika kiwiko, akamsindikiza polepole hadi mlangoni. "Karibu tena kesho, tafadhali. Ila uje ukiwa umeshalala."